Mrabaha wa madini Lualaba: franga inagawanywa namna gani, na kwa nini watu hawasikilizani

Kolwezi imekaa juu ya shaba. Katika kartie ya Kasulo, tangu 2014, watu walianza kutoboa ndani ya viwanja vyao wenyewe na kukuta kobalti chini ya nyumba. Kila siku makamyo yanatoka mjini kwa barabara ya Likasi yakiwa yamebeba mali, yanapita Lubumbashi, yanaelekea mpaka wa Kasumbalesa. Na kila siku, sokoni na kwenye vituo vya moto, swali linalorudi ni moja: franga ya ile mali iko inaenda wapi?

Sehemu kubwa ya jibu iko ndani ya neno moja ambalo wakaaji wa Lualaba wamelizoea kwa Kifaransa chake, redevansi, yaani mrabaha wa madini. Ni malipo ambayo kampuni inatoa kwa sababu imechukua mali ya taifa kutoka ardhini. Haijali kama kampuni imepata faida au imepata hasara: mali ikitoka kiwandani kwenda kuuzwa, mrabaha unalipwa. Kwa hiyo si sawa na kodi ya faida, ambayo kampuni inaweza kusema mwaka huu hatukupata kitu.

Mwaka 2024 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba, ikawa ya pili duniani nyuma ya Chile, na ilitoa karibu robo tatu ya kobalti yote ya dunia. Karibu yote inatoka katika majimbo mawili, Lualaba na Haut-Katanga. Upande mwingine, mwaka ule ule wa 2024 Benki ya Dunia ilihesabu kwamba Wakongomani zaidi ya 70 kwa 100 walikuwa wanaishi na chini ya dola 2,15 kwa siku. Ubishi wote unaofuata umesimama kati ya hesabu hizi mbili.

Hesabu yenyewe

Kanuni za madini zinazotumika leo ni zile za 2002 zilizorekebishwa na sheria namba 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018. Kwa shaba, mrabaha ni asilimia 3,5 ya bei ya mauzo kabla ya kutoa gharama yoyote. Kwa kobalti ni asilimia 10, kwa sababu serikali iliiweka katika orodha ya madini ya kimkakati mwezi wa Novemba 2018, pamoja na koltani na germaniamu.

Kipengele cha 242 kinasema ile franga inagawanywa mara nne. Asilimia 50 inaenda kwa serikali kuu Kinshasa. Asilimia 25 ni ya jimbo ambamo mgodi upo. Asilimia 15 ni ya kitengo cha utawala cha hapo hapo, kile kinachoitwa ETD: mji, komini, sekta ao sheferi. Na asilimia 10 inaenda kwenye FOMIN, mfuko wa madini kwa ajili ya vizazi vinavyokuja.

Tuchukue mfano wa hesabu tu, si bei ya siku. Tani moja ya shaba ikiuzwa dola 10.000, mrabaha ni dola 350. Kinshasa inapata 175, jimbo 87 na nusu, ETD 52 na nusu, FOMIN 35. Tani ya kobalti ikiuzwa dola 25.000, mrabaha ni 2.500, na ETD peke yake inapata 375. Ukizidisha hizo dola 52 na nusu kwa tani 100.000 za kampuni moja kubwa, utaona mara moja sekta ao komini inaweza kupata dola zaidi ya milioni 5 kwa mwaka kutoka kwa shaba ya kampuni moja. Ni ofisi ambayo zamani ilikuwa inaomba karatasi na bic kwa watu.

Zamani ilikuwa namna gani

Katika kanuni za 2002, mrabaha wa shaba na kobalti ulikuwa asilimia 2, tena baada ya kutoa gharama za usafiri, bima na mengine. Mgawanyo ulikuwapo tayari kwenye karatasi: 60 kwa Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji ao teritwari. Lakini kampuni ilikuwa inalipa yote kwenye hazina ya taifa, halafu Kinshasa ndiyo ilipaswa kurudisha sehemu ya wengine. Kurudisha huko njo kulikuwa na shida. Franga ilikuwa inapanda, kushuka inachelewa, ao inashuka kidogo, ao haishuki.

Ile shida haikuwa ya mrabaha tu. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kipengele cha 175, inasema majimbo yana haki ya asilimia 40 ya mapato ya kitaifa, na wayakate hapo hapo kabla hayajaenda Kinshasa. Kukata hapo hapo hakujawahi kuwa desturi. Wanasiasa wa Katanga ya zamani walilia juu ya ile 40 miaka na miaka, mpaka Katanga yenyewe ikakatwa vipande vinne mwaka 2015 na Lualaba ikazaliwa, Kolwezi ikiwa mji wake mkuu.

Wazee wa Kolwezi wana kipimo kingine cha zamani zaidi. Gécamines, iliyotokea 1967 wakati Mobutu alipotaifisha mali ya Union Minière, ilikuwa na hospitali zake, shule zake, nyumba za wafanyakazi, na kila mwezi unga. Watu walisema ni baba na mama. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400.000 za shaba kwa mwaka. Halafu Septemba 1990 mgodi wa chini wa Kamoto ukaanguka, kampuni ikaanguka nyuma yake, na mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10.000 wakaondoka katika mpango uliolipwa na Benki ya Dunia, ambao uliitwa wa kujitolea. Hili ni muhimu kulijua, kwa sababu mzee akisema leo kwamba kampuni hazifanyi kitu, anazilinganisha na ile ya wakati wake. Kampuni za sasa zinajibu: sisi tunalipa leta, leta ndiyo ijenge. Kwa sheria wana haki. Kwa mzee ambaye hospitali ya Gécamines ilimzalishia watoto wake, ile ni jibu la kukimbia.

Mwaka 2018: vita ya kwanza

Wakati sheria mpya ilikuwa mezani, wakubwa wa makampuni walikuja wenyewe Kinshasa. Mapema Machi 2018 rais Joseph Kabila aliwapokea, wakiwemo wa Glencore, China Molybdenum, Randgold na Ivanhoe. Walikuwa na hoja moja nzito: kanuni za 2002 ziliwaahidi miaka 10 bila kubadilishiwa masharti. Sheria mpya ilipunguza ile ahadi ikawa miaka 5 na ikaanza kutumika kwa wote mara moja. Iliongeza pia kodi ya asilimia 50 kwenye faida ya ghafla, bei ya madini ikipanda zaidi ya asilimia 25 juu ya ile iliyoandikwa katika mpango wa mradi, na ikapandisha hisa ya bure ya serikali kutoka 5 hadi 10 kwa mia.

Kabila alitia sahihi siku chache baadaye. Makampuni yalisema wawekezaji watakimbia. Ni kweli kwamba Glencore ilifunga mgodi wa Mutanda mwisho wa 2019, lakini wakati ule bei ya kobalti ilikuwa imeanguka sana, na Mutanda ilifunguliwa tena miaka iliyofuata. Kamoa-Kakula, magharibi ya Kolwezi, ilianza kutoa shaba Mei 2021 chini ya sheria hiyo hiyo. Uzalishaji wa nchi umepanda, haukushuka. Kwa hiyo ile hofu ya kukimbia, kwa shaba ya Lualaba, haikutimia. Malalamiko yao juu ya ofisi nyingi zinazokuja kudai taksi juu ya taksi, hayo ni kitu kingine, na hata wafanyabiashara wadogo wa Kolwezi wanaweza kuwashuhudia.

Badiliko kubwa la 2018, pengine kuliko asilimia zenyewe, ni njia ya franga. Sasa kampuni inalipa kila mmoja kwenye akaunti yake: jimbo kwake, ETD kwake. Haipiti tena kwanza Kinshasa. Na hapo njo ubishi ulipobadilika sura. Zamani ilikuwa Lualaba na Kinshasa. Sasa umeshuka ndani ya Lualaba yenyewe.

Jirani na jirani

Jimbo lina teritwari tano: Mutshatsha, Lubudi, Dilolo, Sandoa na Kapanga. Migodi mikubwa iko kusini, kwenye mstari wa Kolwezi hadi Fungurume, yaani mjini Kolwezi, upande wa Mutshatsha na upande wa Lubudi. Dilolo, Sandoa na Kapanga ni nchi ya muhogo, mahindi na samaki, na barabara mbaya. Kule hakuna kampuni inayolipa asilimia 15. Sheferi moja kusini inaweza kupata mamilioni, na nyingine kule Kapanga, jimbo lile lile, haipati hata dola moja ya mrabaha.

Watu wa kaskazini na magharibi ya jimbo wanasema: asilimia 25 ya jimbo ndiyo ingepaswa kutufikia, lakini lami inaonekana Kolwezi. Watu wa kusini wanajibu: vumbi iko kwetu, maji yaliyoharibika ni ya kwetu, mashamba yaliyochukuliwa ni ya kwetu, makaburi yaliyohamishwa ni ya kwetu. Hakuna upande ambao unasema uongo. Sheria ilichagua kulipa mahali panapoumia, haikuchagua kusawazisha. Kazi ya kusawazisha iliachiwa bajeti ya jimbo, na bajeti ya jimbo inapigiwa kura na wabunge wa jimbo, ambao huko ndiko wangepaswa kuulizwa.

Hata kusini kwenyewe kuna kugombana. Kipengele cha 242 kinasema ETD ambamo uchimbaji unafanyika. Kolwezi ni mji, ndani yake kuna komini mbili, Dilala na Manika, na kwa sheria ya 2008 mji ni ETD na komini pia ni ETD. Nani apokee? Kampuni ya KCC inachimba KOV na Kamoto, halafu inasafisha shaba Luilu. Tenke Fungurume ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1.500, na jina lake lenyewe ni la vituo viwili. Mpaka wa sheferi ambao mzungu aliuchora kwa kalamu bila kuujali, leo unaweza kuwa na bei ya mamilioni ya dola. Si ajabu kuona chifu na mkubwa wa sekta wakitafuta ramani za zamani.

Wasomaji wa Kivu, Maniema ao Tanganyika wanaweza kuuliza: na sisi? Nusu ya mrabaha inayoenda Kinshasa ndiyo inayosaidia kulipa walimu wa shule za msingi za bure, zilizoanza Septemba 2019, na askari walio vitani mashariki. Katiba iliweka pia mfuko wa kusawazisha majimbo, kipengele cha 181, wenye haki ya asilimia 10 ya mapato ya kitaifa, ili jimbo maskini lisiachwe. Mpaka leo haujawa ule ambao Katiba iliandika. Kwa hiyo mtu wa Kolwezi akisema Kinshasa inakula peke yake, na mtu wa Kindu akisema Lualaba inakula peke yake, wote wawili wanaangalia mfuko ambao haufanyi kazi yake.

Na hoja hii ni ya zamani. Tarehe 11 Julai 1960, wakati Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga, moja ya maneno ya watu wake lilikuwa kwamba Katanga inalisha Kongo nzima. Ilimalizika Januari 1963, wakati askari wa Umoja wa Mataifa walipoingia Kolwezi. Ndiyo maana Kinshasa inakuwa na masikio makali kila mara mtu wa Katanga akisema "shaba yetu".

Asilimia 15 bila wa kuiangalia

Sheria inasema franga ya ETD itumike kwa miundombinu ya msingi yenye faida kwa wakaaji tu: shule, vituo vya afya, maji, barabara ndogo, madaraja. Si mishahara ya ofisi, si gari la mkubwa, si safari. Maneno yako wazi.

Kitu ambacho hakiko wazi ni nani anahakikisha. Kwa sheria ya 2008, kila komini, sekta na sheferi inapaswa kuwa na baraza lililochaguliwa na watu, ambalo linapiga kura ya bajeti na kumuuliza mkubwa wake ametumia namna gani. Uchaguzi wa mabaraza hayo uliahidiwa tangu Katiba ya 2006. Desemba 2023 ndipo madiwani wa komini walichaguliwa kwa mara ya kwanza, na ni katika komini za miji mikuu ya majimbo tu. Dilala na Manika zimo. Sekta na sheferi hazimo. Yaani kule ambako migodi mingi iko, mkubwa wa sekta ameteuliwa na wakubwa wake, chifu amerithi kiti, na franga inaingia kwenye akaunti yao bila baraza lolote lililochaguliwa. Franga ilifika kabla ya macho ya kuiangalia.

Tusiwaseme vibaya wote. Kuna pahali ambapo shule na kisima vinaonekana, na mkubwa wa sekta asiye na injinia wala mhasibu hawezi kujenga barabara kwa sababu tu akaunti imejaa. Lakini mashirika ya raia, kama AFREWATCH ya Lubumbashi, yanadai miaka hii yote kwamba malipo na matumizi yabandikwe ukutani ambapo kila mtu atayasoma. Ni ombi dogo sana, na bado wanaliomba.

Franga tatu ambazo watu wanachanganya

Kwenye mikutano ya wakaaji, kelele nyingi zinatoka hapa. Mtu anauliza kampuni juu ya franga ambayo iko kwa komini, ao anauliza komini juu ya franga ambayo haijapita kwake.

Mrabaha, tumeuona: ni franga ya leta, na anayeulizwa ni leta. Ya pili ni mchango wa asilimia 0,3 ya mauzo ya mwaka ya kampuni, kwa ajili ya maendeleo ya jamii zinazozunguka mgodi. Hiyo haiingii kwa komini. Inasimamiwa na shirika maalum ambamo kampuni inakaa pamoja na wajumbe wa jamii. Ya tatu ni mkataba wa kijamii, kaye de sharji kama watu wanavyouita, ambao kampuni inasaini na jamii za pale kwa miaka 5: shule hii, kisima kile, zahanati ile, na tarehe za kumaliza. Kampuni isipojenga kilichoandikwa humo, anayeulizwa ni kampuni. Wakaaji wana haki ya kuona ile karatasi, na mara nyingi inatosha mtu mmoja kuwa na fotokopi ili mkutano ubadilike.

Wanaolipa na wasiolipa

Si kila kampuni inalipa sawa. Sicomines, iliyotokea katika mkataba wa 2008 kati ya Kongo na makampuni ya Uchina, ina Gécamines na asilimia 32 na Wachina na 68. Ilisamehewa kodi mpaka mikopo ya mgodi na ya miundombinu ilipwe, kwa kubadilishana na barabara na hospitali. Mali inatoka Kolwezi. Kazi zilizojengwa zimo hospitali ya Cinquantenaire kule Kinshasa na barabara ya Beni hadi Luna. Februari 2023 wakaguzi wa fedha wa serikali, IGF, walitangaza kwamba katika miaka yote ile ni dola milioni 822 tu zilizoingia katika miundombinu, wakati mkataba ulisema bilioni 3. Machi 2024 mkataba ulisahihishwa, miundombinu ikapandishwa hadi dola bilioni 7. Kwa komini ya Kolwezi inayoona mashimo ya Dikuluwe na Mashamba kila siku, jambo bado ni lile lile: msamaha wa kodi uliosainiwa Kinshasa ni shimo katika bajeti ya hapa.

Tenke Fungurume ilikuwa na kesi nyingine. Serikali na Gécamines walishtaki kwamba akiba ya madini ilitangazwa ndogo kuliko ilivyo, na kwa hiyo malipo yakawa madogo. Kampuni ilikana. Mali ilizuiliwa kutoka kuanzia Julai 2022 hadi Aprili 2023, na walipatana kwa dola milioni 800 kwa Gécamines, pamoja na gawio lisilopungua bilioni 1,2 katika muda wa mradi. Wapatanao walikuwa Gécamines na kampuni. Sekta na sheferi hazikuwa mezani.

Halafu kobalti. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ilifunga kutoa kobalti nje kwa sababu bei ilikuwa imeanguka mno. Miezi 4 ikaongezwa 3, na tarehe 16 Oktoba 2025 ikaja mipaka ya kiasi: tani 18.125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka ule, halafu tani 96.600 kwa mwaka katika 2026 na 2027. Mwaka 2024 nchi ilitoa zaidi ya tani 200.000. Bei ilipanda kweli. Lakini mrabaha unahesabiwa mali inapotoka, na kwa ETD iliyopanga shule kwa kutegemea asilimia 10 ya kobalti, miezi ile ilikuwa miezi bila kitu upande huo. Katika bajeti ya 2026 kila komini na sekta ya kobalti inapaswa kuanza na ile tani 96.600, si na hesabu ya 2024.

Namna ya kujua kilichoingia

FOMIN, ile asilimia 10 ya vizazi vinavyokuja, ilipata kanuni zake kwa dekreti ya Novemba 2019, mwaka mmoja na nusu baada ya sheria kuizaa. Iko mbali na Kolwezi na wakaaji wachache wanaijua.

Kwa zingine, karatasi zipo. Ripoti za ITIE za Kongo zinaandika kampuni kwa kampuni kile ililipa kwa kila ofisi. Bajeti ya jimbo ni edikti inayopigiwa kura na bunge la jimbo, na inapaswa kutangazwa. Bajeti ya komini ni uamuzi wa baraza lake: Dilala na Manika zina madiwani waliochaguliwa, wana majina na wana kartie wanazokaa. Katika sekta na sheferi hakuna diwani wa kwenda kugongea mlango. Huko mkaaji anaandika barua kwa mkubwa wa sekta ao kwa chifu, anaweka kopi kwa mkubwa wa teritwari na kwa mbunge wa jimbo wa pale, na anauliza mambo matatu: kampuni gani zimelipa, miezi gani, na kazi gani zimelipwa na ile franga.